Ukiketi Mbele ya Daktari wa Saratani: Vidokezo vya Kulinda Tumaini

Mtu akishaambiwa ana saratani, anaanza kumsoma daktari. Anaangalia kama ameinua uso kutoka kwenye faili, kama amemwita kwa jina lake au amesema "huyu wa titi", kama amevuta kiti akaketi au anazungumza mkono ukiwa tayari kwenye kitasa. Dawa ni zilezile, mashine ya mionzi ni ileile, lakini mgonjwa mmoja anatoka chumbani akiwa na nguvu ya kurudi kwa dripu ya pili, mwingine anatoka akiwaza mganga au kaburi. Tofauti mara nyingi ni namna alivyozungumzishwa. Na katika mazungumzo hayo, mgonjwa na nduguze nao wana sauti. Itumieni hivi.

1. Nenda na mtu, na maswali matatu kwenye karatasi.

Neno saratani likishatamkwa, yanayofuata hayaingii kichwani. Mwenzako asikilize na kuandika. Maswali yawe haya: Ninaumwa nini, na ugonjwa umefika wapi? Tiba hii ni ya kuponya, au ya kupunguza makali na kuongeza siku? Nikizidiwa usiku, nimpigie nani?

Swali la pili ndilo watu hulikwepa, na ndilo muhimu kuliko yote. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walichapisha majibu ya wagonjwa waliokuwa wakipata kemo kwa saratani ya mapafu au ya utumbo mpana iliyokwisha kusambaa. Katika hatua hiyo kemo haitarajiwi kuponya. Lakini asilimia 69 ya wenye saratani ya mapafu, na asilimia 81 ya wenye ile ya utumbo, hawakuonyesha kulielewa hilo. Jambo lililowashtua wengi ni kwamba waliowasifu sana madaktari wao kwa mazungumzo mazuri ndio walioelekea zaidi kukosea. Upole usiobeba ukweli humpa mgonjwa tumaini litakalomwangusha baadaye, wakati hana tena nafasi ya kupanga mambo yake.

2. Sema mwenyewe unataka kujua kiasi gani.

Zamani daktari alikuamulia. Mwaka 1961, karibu asilimia 90 ya madaktari waliohojiwa Marekani walisema hupendelea kutomwambia mgonjwa kwamba ana saratani. Mwaka 1979 swali hilo lilipoulizwa tena, asilimia 97 walipendelea kumwambia. Mwaka 2000 Walter Baile, Robert Buckman na wenzao wakachapisha utaratibu wa hatua sita za kutoa habari mbaya, ambao sasa hufundishwa katika nchi nyingi. Kabla ya kutaja majibu ya vipimo, daktari anatakiwa aulize mgonjwa anafahamu nini mpaka sasa, na angependa kuelezwa kwa undani gani.

Asipokuuliza, mtangulie. "Daktari, nieleze yote, ila polepole." Au: "Leo tuzungumze tiba tu, hayo mengine nitauliza nikiwa tayari." Hakuna daktari mwenye busara atakayekasirika.

3. Ndugu, msimfiche mama.

Hili linatokea kila siku. Mtoto mkubwa anamvuta daktari koridoni: "Dokta, mama ana presha, tafadhali usimwambie. Mwambie ni vidonda vya tumbo." Nia ni mapenzi, sina shaka. Lakini mama ana macho. Ukimpeleka Ocean Road, pale ambapo tangu 1996 pana taasisi ya saratani inayojulikana Tanzania nzima, unadhani hajui amefika wapi? Anaona wanawake waliojifunga vilemba kuficha vichwa vilivyonyonyoka. Anasikia wenzake kwenye benchi wakihesabu dozi. Anajua, ila anaona wanawe hawataki ajue, basi naye ananyamaza ili asiwaumize. Nyumba nzima inaigiza, na anayebaki peke yake na hofu ni mgonjwa.

Hofu ya ndugu ni kwamba ukweli utamuua kabla ya ugonjwa. Kuna utafiti uliogusa jambo hilo. Mwaka 2007 Jennifer Mack na wenzake, nchini Marekani, walichapisha matokeo ya kuwahoji wazazi wa watoto wenye saratani. Wazazi walioelezwa kwa uwazi zaidi hali ya mtoto ndio walioelekea zaidi kusema kwamba mazungumzo na daktari yamewapa tumaini, hata pale habari ilipokuwa mbaya. Mtu anayeambiwa ukweli kwa heshima anajua kwamba hatadanganywa kesho, na hilo peke yake ni egemeo.

Kwa hiyo badala ya kumwomba daktari afiche, mwombeni aanze kwa kumuuliza mwenyewe: "Mama, majibu yakitoka ungependa nikueleze wewe, au nizungumze na wanao?" Akisema "zungumza na mwanangu wa kwanza", ni haki yake. Akisema "niambie mimi", basi kaeni naye, mshikeni mkono, asikie.

4. Ukitajiwa miezi, uliza hesabu hiyo imetoka wapi.

Stephen Jay Gould, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Harvard, aligundulika mwaka 1982 kuwa na saratani adimu ya utando wa tumbo. Alienda maktaba akasoma kwamba kwa ugonjwa huo kipimo cha kati cha kuishi ni miezi 8. Baada ya mshtuko alijiuliza maana yake hasa: nusu ya wagonjwa hufariki kabla ya miezi 8, na nusu nyingine huishi zaidi, baadhi yao zaidi sana. Yeye alikuwa bado kijana, ugonjwa ulionekana mapema, na alipata tiba nzuri. Akaishi miaka 20, akafariki 2002 kwa saratani nyingine.

Simulizi hilo halimwahidi mtu yeyote miaka 20. Linachofundisha ni kwamba hesabu ya kundi si tarehe ya mtu mmoja. Na madaktari wenyewe hukosea: kule Chicago, katika utafiti wa mwaka 2000 wa wagonjwa 468 waliokuwa karibu na mwisho, makadirio yaliyokaribia ukweli yalikuwa asilimia 20 tu. Mengi ya yaliyobaki yalitaja muda mrefu kuliko ulivyokuwa. Mwombe daktari akueleze hali ikienda vizuri itakuwaje, na ikienda vibaya itakuwaje. Majibu hayo mawili yatakusaidia kupanga kuliko namba moja.

5. Ukielezwa kwa Kiingereza, omba Kiswahili.

Kisha rudia ulichosikia kwa maneno yako, daktari asahihishe.

6. Daktari unayesoma hapa, zinatosha sekunde 40.

Tunajua foleni yako. Lakini huko Johns Hopkins, mwaka 1999, wanawake walionyeshwa video ya daktari akizungumza na mgonjwa wa saratani ya matiti. Baadhi yao waliona video iliyoongezewa sekunde 40 tu za maneno ya huruma, ya kumwambia mgonjwa kwamba wako pamoja katika safari hii. Hao wasiwasi wao ulikuwa mdogo zaidi. Inua uso, keti, mwite kwa jina.

7. Msikubali kuishia kwenye "hakuna la kufanya".

Hii ndiyo kauli inayovunja watu kuliko jina la ugonjwa, na si kweli. Kemo inaweza kufika mwisho. Kutibu maumivu, kichefuchefu, kukosa usingizi na hofu hakufiki mwisho. Hiyo ni kazi ya tiba shufaa. Kampala, tangu 1993, Dokta Anne Merriman na Hospice Africa Uganda walionyesha kwamba mofini ya kunywa, dawa ya maumivu ya bei nafuu, inaweza kumfikia mgonjwa akiwa nyumbani kwake. Na Boston, mwaka 2010, wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa waligawanywa makundi mawili. Waliopewa tiba shufaa mapema, pamoja na matibabu ya kawaida, walikuwa na hali bora ya maisha, na kipimo cha kati cha kuishi kwao kilikuwa miezi 11.6 dhidi ya 8.9. Omba kuunganishwa na watu wa tiba shufaa tangu mwanzo, usingoje kulazwa.

8. Ukipata daktari mkali, badili daktari, usiache tiba.

Zungumza na muuguzi wa zamu au ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, uombe kuonwa na mwingine. Uvimbe haungoji hasira zako zipoe. Tarehe ya kliniki ikifika, nenda.