Kabla ya Kurusha Ngumi, Simama



Somo la leo linatoka kwenye mazoezi ya ngumi. Msishangae, Mtakatifu Paulo mwenyewe alitumia mfano wa bondia (1 Kor 9:26), na Katekisimu, namba 2725, inafundisha kwamba sala ni mapambano.

Anayeanza ngumi anataka kupiga begi siku hiyohiyo. Kocha anamwambia: subiri, kwanza jifunze kusimama. Mguu wa kushoto mbele, wa kulia nyuma, nafasi kama upana wa mabega (kama wewe ni mashoto, geuza). Kisigino cha nyuma kiinuke kidogo, magoti yalegee, kidevu chini, mikono mashavuni, viwiko karibu na mbavu. Ukienda mbele, anza na mguu wa mbele. Ukirudi, wa nyuma. Usikutanishe miguu, maana hapo hata ukisukumwa tu unaanguka.

Halafu kuna hili ambalo wengi hulisahau: mkono ukishapiga, lazima urudi shavuni haraka. Anayeanza akimpata mpinzani vizuri anafurahi, anauacha mkono unaning'inia. Ngumi ya kumwangusha huja sekunde ileile.

Hebu kumbuka, mara ya mwisho ulianguka lini? Kwa wengi wetu siyo katikati ya mafungo, ni wiki inayofuata. Jumamosi umetoka Kitubio, unajisikia mwepesi. Jumapili usiku sala unairuka, "leo nimeshaenda Misa", simu unaingia nayo kitandani. Mkono uko chini, ndugu yangu.

Kwa hiyo siku uliyoshinda ndiyo siku ya kusali sala yako ya kawaida, hata fupi, na simu ilale sebuleni. Haina msisimko, najua. Hata mkao wa ngumi hauna. Ushike dakika tatu uone mapaja yanavyowaka.

Na ukiangushwa? Bondia haamki na kurusha ngumi ovyo. Kwa kawaida mwamuzi humhesabia hadi 8 hata kama ameshainuka, anamtazama machoni, anataka aone mikono imerudi juu. Basi usingoje Kwaresima. Nenda Kitubio wiki hii. Ukitoka, usimwahidi Mungu rozari nne kwa siku. Anza na sala ya asubuhi ya kesho, kabla hujafungua simu.