Mwaga Maji ya Kisahani
Kwa wanaotunza maua ndani ya nyumba, Dar es Salaam



Masika haya tumepokea malalamiko mengi kwamba maafisa afya wetu wanaingia sebuleni na kuinua vyungu vya maua badala ya kushughulikia mitaro. Mitaro tunaishughulikia, jua na mvua. Lakini mbu anayeeneza homa ya dengue, ile ambayo wazee wa pwani waliiita kidingapopo, hutaga kwenye maji safi, machache, yaliyotulia karibu na watu. Kisahani kilicho chini ya anturiamu yako kinamtosha kabisa.

Jiji hili liliugua dengue mwaka 2014, likaugua tena mwaka 2019. Hatutaomba radhi kwa kuinua vyungu.

Mbu huyu, aina ya Aedes, ni mweusi mwenye madoa meupe miguuni. Huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla jua halijazama, kwa hiyo chandarua unachoshusha usiku hakimzuii. Jike hubandika mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji. Ukimwaga tu, mayai yanabaki yamenata, na yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa mpaka umwagilie tena. Yakipata maji huanguliwa, na kwa siku 7 hadi 10 viluwiluwi wameshakuwa mbu wanaoruka. Ndiyo maana tunasema kila wiki. Ndiyo maana tunasema sugua, kwa brashi na sabuni. Anayemwaga bila kusugua hajafanya kitu.

Wengi hutujibu kwamba ua litakufa. Halifi. Maji yanayosimama chini ya chungu ndiyo yanayoozesha mizizi. Tia kidole kwenye udongo hadi pingili ya pili. Kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini, subiri nusu saa, kisha mwaga yaliyobaki kisahanini. Hata lile ua dogo la zambarau la milima ya Usambara, Saintpaulia, ambalo wengi hulinywesha kwa chini ili majani yasiingie madoa, nusu saa inalitosha. Kwao huota kwenye miamba yenye kivuli, na maji hayasimami hapo. Ukiona kazi ya kumwaga inakushinda, jaza kisahani mchanga, ushike unyevu bila maji kusimama juu yake.

Chupa ya maua yanayoota majini nayo ibadilishwe maji na kusuguliwa kila wiki. Maua ya jamii ya nanasi hushika maji katikati ya majani. Yasuuze kwa maji mengi, kila wiki vilevile.

Ukaguzi ni bure kwa mpangaji na mwenye nyumba. 

Ukishikwa na homa kali ghafla, na maumivu ya viungo na nyuma ya macho, nenda kituo cha afya upimwe. Usimeze aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki, maana huongeza hatari ya kuvuja damu. Homa ikishuka halafu tumbo likauma sana, ukatapika mfululizo au fizi zikatoka damu, wahi hospitali saa hiyohiyo.

Hakuna dawa ya kuua virusi vya dengue. Leo kabla hujalala, inua kila chungu utazame chini yake.