Piano ya Kidijitali Ikiwa Kimya: Kagua Haya Kabla ya Kumwita Fundi

Makanisa na vikundi vya vijana vya Kibera na Kawangware hununua vinanda kwa michango, mara nyingi vya mtumba. Piano ya kidijitali ikiunganishwa na tarakilishi au kinanda kingine kisha isisikike, ni rahisi kudhani imeharibika na kuanza kuchanga upya. Mara nyingi kasoro huwa kwenye muunganisho tu, na kuirekebisha hakugharimu chochote.

MIDI ni nini?

MIDI ni mfumo ambao vyombo vya muziki vya kielektroniki vimetumia kuwasiliana tangu mwaka wa 1983. Waya wake haubebi sauti. Hubeba maagizo: kitufe kipi kimebonyezwa, kwa nguvu gani, na kimeachiliwa lini. Ni kama mwelekezi wa kwaya, ambaye huongoza kwa mikono huku wengine wakiimba. Kwa hivyo kifaa kinachopokea maagizo ndicho kinachotoa sauti, na ndicho kinachopaswa kuunganishwa na spika.

Jinsi ya kuunganisha

1. Zima vifaa vyote kwanza.
2. Kwa waya wa duara wenye pini tano, toa OUT ya piano uingize IN ya kifaa cha pili. OUT kwa OUT haifanyi kazi.
3. Kwa waya wa USB, tumia tundu la mraba. Tundu bapa kwa kawaida ni la flashi.
4. Washa vifaa, kisha uchague chaneli moja pande zote mbili. Chaneli ziko 16. Ya 10 kwa kawaida ni ya ngoma.
5. Kwenye tarakilishi, fungua programu ya muziki na uchague piano kama chombo cha kuingiza noti.

Matatizo ya kawaida

Noti kusikika mara mbili: piano inajipigia yenyewe na pia inapokea noti ileile kutoka kwa programu. Zima kipengele cha Local Control. Kirudishe kabla ya kuondoka, la sivyo mpigaji wa Jumapili anaweza kukuta piano kimya.

Sauti kuchelewa: acha vipokea sauti vya Bluetooth, tumia vya waya.

Stima ikipotea: chomoa vifaa vyote. Umeme unaporudi kwa kishindo unaweza kuviunguza.

Faida kwa vikundi

Kwa kuwa MIDI hurekodi maagizo, faili yake ni ndogo na hutumwa kwa simu kwa data kidogo. Kwaya ya Kibera inaweza kurekodi wimbo, na wenzao wa Kawangware wakaufanyia mazoezi kwa mwendo wa polepole au kuushusha ufunguo, bila mpigaji kurudia kazi yake.

Wanaonunua piano ya mtumba wanashauriwa kubeba waya na kuijaribu MIDI dukani kabla ya kulipa.