Ndege Mvumaji na Baridi ya Seattle: Maswali na Majibu

Asubuhi ya Januari mjini Seattle, theluji imelala juu ya ua. Kwenye chupa ya maji ya sukari iliyoning'inizwa karibu na dirisha, ndege mwenye uzito wa gramu nne au tano anakunywa. Kiumbe mdogo hivyo anawezaje kuuvuka usiku wa barafu? Mtaalamu wetu wa ndege anajibu.

Swali: Nilikulia Afrika Mashariki. Huyu si chozi wetu?

Siye. Wanafanana kwa kuwa wote hufyonza utamu wa maua, lakini hawana undugu wa karibu. Ndege wavumaji huishi katika mabara ya Amerika peke yake. Chozi aghalabu hutua ndipo anywe. Mvumaji hunywa akiwa amesimama hewani, na uvumi wa mabawa yake ndio uliompa jina. Unayemwona huku majira ya baridi ni mvumaji wa Anna.

Swali: Mbona hakwenda kusini? Chupa yangu imemzuia?

Hapana. Mwanzoni mwa karne ya 20 ndege huyu alizaliana Baja California na California tu. Watu walipopanda maua ya kigeni na kutundika chupa, alisogea kaskazini hadi British Columbia, na sasa anakaa mwaka mzima. Mwaka 2017 Vancouver ilimchagua kuwa ndege wa jiji. Wavumaji wa aina nyingine wanaohamia Mexico huondoka hata chupa zikiwa zimejaa, kwa sababu mchana unaofupika ndio unaowaambia wasafiri.

Swali: Usiku anaokokaje?

Kwa kuzizima. Mchana joto la mwili wake hufikia nyuzi 40 hivi za Selsiasi, na moyo unaweza kupiga zaidi ya mara 1,000 kwa dakika. Usiku wa baridi huacha joto lishuke sana, na mapigo ya moyo hupungua hadi 50 hivi. Akiba ndogo ya nguvu aliyokusanya jioni humfikisha asubuhi. Ili aamke hutetemesha misuli ya kifua, kazi inayoweza kuchukua dakika 20 au zaidi. Mwaka 2020 watafiti waliripoti mvumaji wa milima ya Andes, nchini Peru, ambaye joto la mwili wake lilishuka hadi nyuzi 3.3.

Swali: Nimemkuta ananing'inia kichwa chini, hatikisiki. Amekufa?

Usikimbilie kumzika. Huenda amezizima tu, na miguu yake imeshika. Usimguse wala kumwagia maji ya moto, mpe muda. Akiwa ameanguka kwenye theluji, au jua limepanda na bado haamki, mweke kwenye kisanduku chenye matundu ya hewa na upigie simu kituo cha kuokoa wanyamapori.

Swali: Nichanganye nini?

Kikombe kimoja cha sukari nyeupe kwa vikombe vinne vya maji, basi. Asali huota kuvu kwa urahisi, sukari guru haimfai, na rangi nyekundu haina kazi. Osha chupa kila mara. Wala sukari si chakula kamili: yeye hula pia vijidudu na buibui wadogo, kwa hiyo usipulizie dawa ya wadudu bustanini.

Swali: Maji yakiganda je?

Uwe na chupa mbili. Moja ikiwa nje, nyingine inapata joto ndani, nawe unazibadilisha. Balbu ya kizamani inayotoa joto, ikifungwa karibu na chupa, husaidia pia. Usiku ingiza chupa ndani, lakini uitoe kabla hakujapambazuka, kwa sababu ndege anayeamka ametumia karibu akiba yake yote.

Swali: Nikisafiri?

Mwachie jirani kazi hiyo. Siku za kawaida ndege ataruka kutafuta pengine; asubuhi ya barafu, safari ya bure inaweza kumgharimu uhai. Ndiyo maana nasema chupa iliyotundikwa ni ahadi. Januari mimi hutoka na yangu saa moja asubuhi, bado giza. Mara nyingi, kabla sijaiachia ndoano, nausikia uvumi karibu na sikio.