Kisu cha Rehema: Mnyama Aliyegongwa Kando ya Njia

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, mas-ala tunayoisoma leo ni mas-ala ya njiani. Wengi katika sisi watu wa miji ya pwani tuna jamaa, au biashara, au kazi katika mji wa Garissa. Atokaye Mombasa hupita Malindi, Garsen na Hola. Atokaye Nairobi hupita Mwingi, kisha huvuka daraja la Mto Tana akaingia mjini. Na aendeleaye mbele hushika njia ya Dadaab, au ya Modogashe na Wajir. Njia hizo zote zakata nchi kavu ya vichaka vya miiba, ambayo ni makao ya twiga, swala twiga, digidigi na mbuni, na ndiyo malisho ya ngamia, ng'ombe na mbuzi wa ndugu zetu Wasomali. Jua likishakuchwa mnyama hukatiza njia, taa za gari zikampumbaza, mara amegongwa. Gari likenda zake, naye hubaki kando ya njia na miguu iliyovunjika, yu hai.

Watu wafikao mahali hapo huwa makundi matatu. Wako wapitao kama kwamba hawakuona kitu. Wako wamrukiao kwa mawe na marungu wakidai kumpumzisha. Na wako washukao mbio na kisu mkononi, wakapiga Bismillahi, wakagawana nyama, na wakasema kuwa wamefanya rehema. Basi je, ni lipi lipasalo? Na kisu hicho, ni halali kukichukua njiani?

MSINGI WA MAS-ALA

Msingi wetu ni Hadithi aliyoipokea Shaddad bin Aus, iliyomo katika Sahihi Muslim. Maana yake ni kuwa Mwenyezi Mungu amefaradhisha wema katika kila jambo, hata katika kuua na katika kuchinja, na kwamba mchinjaji anole kisu chake na ampumzishe anayemchinja. Na katika Bukhari na Muslim zimepokewa khabari mbili mashuhuri: ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia mpaka akafa, na ya mtu aliyesamehewa madhambi yake kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Basi ikiwa mbwa mmoja ameweza kuwa sababu ya maghufira, hawezi Muislamu kumpita mnyama agaagaye kando ya njia akasema kuwa hayamhusu.

Hilo ni jawabu la kundi la kwanza. Ama kundi la pili, la mawe na marungu, jawabu lao limo katika Aya ya 3 ya Suratul Maida. Aya hiyo yahisabu walioharamishwa, na miongoni mwao ni mnyama aliyenyongeka, aliyepigwa akafa, aliyeanguka, aliyepigwa pembe, na aliyeliwa na mnyama mkali, ila yule tutakayemdiriki tukamchinja. Kwa hivyo ampigaye jiwe mpaka akafa amefanya makosa mawili: amemzidishia adhabu, na amemgeuza kibudu.

UHAI ULIOTULIA

Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Imamu Shafii wameweka sharti kuwa mnyama aliyepatwa na jeraha kama hili awe na uhai uliotulia wakati kisu kinapomgusa, ndio uitwao kwa Kiarabu hayat mustaqirra. Maana yake ni kuwa awe bado aona, na asikia, na ajitikisa kwa hiari yake, si mtikisiko wa roho itokayo. Alama alizozitaja Imamu Nawawi ni mwendo wa nguvu baada ya kuchinjwa, na damu kububujika. Mtu akishuku kama uhai huo ulikuwapo au haukuwapo, hali nyama hiyo. Bismillahi haimrudishi mnyama uhai, wala haiufanyi mzoga kuwa halali. Hili twalisisitiza kwa sababu wako wadhanio kuwa kulitamka Jina tukufu juu ya mnyama aliyekwisha kufa kwatosha.

Na dalili kuwa yafaa kumchinja mnyama aliye karibu na kufa ni Hadithi ya Bukhari juu ya mjakazi wa Kaab bin Malik. Alikuwa akichunga mbuzi na kondoo katika jabali la Sal'a, huko Madina. Akamwona mmoja ataka kufa, akavunja jiwe, akamchinja kwa makali yake. Kaab akawazuia watu wake wasile mpaka Mtume (S.A.W.) aulizwe, na Mtume akawaruhusu. Khabari hii yatufunza mambo mengi. Kuchinja kwa mwanamke kwafaa. Kila chenye makali yafaa kuchinjia, isipokuwa jino na ukucha kama ilivyokuja katika Hadithi nyingine. Na tena watu wema huuliza kwanza, ndipo wakala.

NAMNA YA KUCHINJA

Kisu kinolewe mbali na macho ya mnyama. Kichwa kishikwe kwa upole, na aelekezwe kibla ikiwezekana pasipo kumburura, kwani kumburura aliyevunjika mifupa ni kumtesa. Likatwe koromeo la pumzi na umio la chakula, yote mawili kikamilifu. Na sunna ni kukata pamoja nayo mishipa miwili mikubwa ya ubavuni mwa shingo. Mishipa hiyo ikikatwa kwa mara moja, damu haifiki tena kwenye ubongo kama ilivyokuwa, na mnyama hupotewa na hisia upesi. Kisu butu hukereza kama msumeno, na maumivu huwa marefu. Ama ngamia, sunna yake ni kukatwa chini ya shingo karibu na kifua. Shingo isivunjwe, wala ngozi isichunwe, mpaka mnyama atulie kabisa.

MIFUGO YA WATU

Akiwa aliyegongwa ni mbuzi, ng'ombe au ngamia, huyo ana mwenyewe. Sheria ya Barabarani (Sura ya 403) yamtaka dereva asimame pale gari lake lisababishapo mnyama kudhurika. Na akhlaki ya Kiislamu yamtaka zaidi ya hapo: amtafute mwenye mali, asikimbie deni. Ikiwa mwenyewe hayuko, na mnyama yu karibu kufa, yafaa achinjwe ili mali ya mwenyewe isipotee, kwa mfano wa mjakazi wa Kaab. Lakini nyama ni ya mwenyewe, si ya mchinjaji, wala si ya abiria.

Ama punda, naye ndiye avutaye mikokoteni ya maji katika mji wa Garissa, hapa pana khitilafu. Fat-hul-Mu'in, kitabu kisomeshwacho sana katika vyuo vya pwani, chaharamisha kumchinja mnyama asiyeliwa hata kwa kumpumzisha, na chapiga mfano wa punda aliyelemaa. Wanazuoni wa Kihanafi na wa Kimaliki wameruhusu kumpumzisha asiyetarajiwa kupona. Twaona kauli hii ya pili ndiyo iliyo karibu zaidi na Hadithi ya Shaddad. Lakini apaswaye kuamua kuwa hatapona ni daktari wa mifugo, si mtu aliyechoka kumtazama.

WANYAMA WA MWITUNI

Sasa twafika penye uzito wa mas-ala, nako ni kwa kundi la tatu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Mwaka 1989 likaundwa Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS. Na Sheria ya Hifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 yahisabu kuwa ni kosa, lenye faini na kifungo, kumuua mnyama wa mwituni ili aliwe, na hata kuwa na nyama yake tu. Dereva akikutwa na paja la swala chini ya kiti chake, hatasikilizwa kwa kusema kuwa alimkuta amegongwa.

Huenda mtu akasema: nyama ya swala Mwenyezi Mungu ameihalalisha, serikali yaizuiaje? Twajibu kuwa jambo la mubaha aweza mtawala kuliwekea mpaka kwa maslaha ya watu wote. Mtume (S.A.W.) mwenyewe aliiweka Naqii kuwa malisho yaliyohifadhiwa, na Sayyidna Umar akafanya hivyo kwa Sharaf na Rabadha. Na uwindaji katika haram ya Madina umekatazwa, ingawa swala wake ni swala kama wengine. Hifadhi si jambo geni katika dini yetu.

Na maslaha yenyewe yaonekana kwa macho. Katika nchi ya Garissa yuko mnyama aitwaye hirola, ambaye duniani kote wamebaki chini ya 500. Mwaka 2012 wananchi wa Ishaqbini, katika upande wa Ijara, walifungua boma la kumlinda. Ishaqbini hiyo hiyo ilijulikana ulimwenguni kwa twiga weupe, na Machi 2020 ikatangazwa kuwa twiga mweupe jike na mwanawe wameuawa na majangili. Tena ukame huzidisha msiba. Desemba 2021 twiga sita walionekana wamekufa pamoja katika hifadhi ya Sabuli, Wajir, baada ya kukwama katika tope la bwawa lililokauka wakitafuta maji. Mnyama aliyeponea chupuchupu kutoka kwa jangili na ukame, akija akagongwa na gari, asifanywe sababu ya karamu.

Ama twiga khasa, wanazuoni wetu wamekhitalifiana hata katika kumla. Imamu Nawawi katika Majmuu amemharamisha, na Imamu Subki akamhalalisha. Basi mwenye kumkimbilia twiga kwa kisu amekusanya shaka ya dini na kosa la sheria katika mkono mmoja.

Na liko jambo la afya. Homa ya Bonde la Ufa ilienea Kenya mwaka 1997 na 1998, ikarudi mwishoni mwa 2006 mpaka 2007, na Garissa ndiko ilikoanza mara hiyo ya pili. Watu zaidi ya 100 walikufa. Njia mojawapo ya kuambukizwa ilikuwa kushika damu na nyama ya wanyama wagonjwa. Mnyama wa mwituni hakupimwa na daktari, na yumkini aligongwa kwa sababu alikuwa amedhoofika kwa maradhi.

Basi afanyeje Muislamu amwonapo swala agaagaa? Aliye na amri ya kummaliza ni askari wa KWS, ama kwa risasi, ama kwa njia nyingine aijuayo. Apigiwe simu yeye, au kituo cha polisi kilicho karibu. Gari liwekwe mbali, watu wasimzunguke, na kelele zinyamazishwe, kwani hofu kwa mnyama ni adhabu ya pili. Ikiwa askari yu mbali, aombwe idhini kwa simu. Akiitoa, mwenye kujua na amchinje kama tulivyoeleza, na nyama iachwe pale pale mpaka askari afike. Asipoitoa, tutakuwa tumefanya tuwezalo, na Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake.

KISU CHENYEWE

Garissa ni mji uliojeruhiwa. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, na njia za kaskazini mashariki zina vizuizi na upekuzi mwingi. Askari aonaye kisu hajui nia iliyomo moyoni. Kanuni ya Adhabu (Sura ya 63), katika kifungu cha 88, yahisabu kuwa ni kosa mtu kutembea na silaha hadharani pasipo sababu ya halali kwa namna ya kuwatia watu hofu, na silaha yake yaweza kutwaliwa. Kifungu cha 308 ni kikali zaidi: akutwaye na silaha ya hatari katika hali ioneshayo kuwa akusudia kutenda kosa kubwa, hukumu yake ni kifungo cha miaka 7 mpaka 15.

Sheria hizi hazipingani na mafunzo yetu. Mtume (S.A.W.) alimwamuru apitaye msikitini au sokoni na mishale azishike ncha zake asije akamjeruhi mtu, na akakataza upanga upokezanwe nje ya ala. Basi mchungaji, mchinjaji na mwenye safari ndefu wana haja ya kisu, na haja yao yajulikana. Lakini na kiwe kisu cha kazi, ndani ya ala, pamoja na vyombo vya safari, si kiunoni sokoni, wala si katika mkutano. Akiulizwa, aseme kweli kwa upole, na akikabidhi.

KHITIMISHO

Ndugu zetu, mukiyakusanya haya mutaona kuwa kisu ni kimoja na nia ni mbili. Mwenye rehema hutazama macho ya mnyama, na mwenye tamaa hutazama paja lake. Wote wawili husema Bismillahi, na wote wawili huonekana na haraka. Mizani ya kuwapambanua ni nyepesi: uondoe ulaji, utazame ni nani aliyebaki kando ya njia. Abakiye pale akingoja askari, hali ajua kuwa hatapata hata pande moja la nyama, huyo ndiye aliyeshuka kwa ajili ya mnyama.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atutie huruma juu ya viumbe vyake, na atuongoze katika kuzishika amri zake na katika kuzitunza amana zake. Amin.