Kisukari na Mishipa ya Damu: Kwa Nini Jeraha Huchelewa Kupona, na Ufanye Nini

Mkazi wa Gulwe, wilayani Mpwapwa, hukanyaga mengi kwa siku moja: miiba ya porini akifuata mifugo, visiki vya mtama baada ya mavuno, kokoto za reli. Asiye na kisukari huosha jeraha likapona. Mwenye kisukari aweza kupata jeraha hilohilo, likageuka kidonda ndugu. Wapo wanaodhani amerogwa. Chanzo kimo ndani ya mishipa yake ya damu, na sehemu kubwa ya kinga imo mikononi mwake.

Mshipa hupona vipi?

Ateri hutoa damu moyoni na kuisambaza mwilini. Kwa ndani imetandazwa utando mwembamba wa seli. Utando huo hutengeneza nitriki oksaidi, gesi inayoulegeza mshipa na kuzuia damu isigande ovyo. Ateri ikijeruhiwa, iwe kwa panga, kwa ajali ya bodaboda au kwa mrija wa daktari anayezibua mshipa wa moyo, chembe sahani za damu huwahi kuziba tundu. Kisha seli za utando zilizo jirani huzaliana na kufunika pale palipochubuka, zikisaidiwa na seli zinazotoka kwenye uboho wa mifupa.

Sukari ikizidi kwa muda mrefu, kila moja ya hatua hizo huvurugika. Nitriki oksaidi hupungua. Chembe sahani hunata kupita kiasi. Seli za kufunika jeraha huwa chache na dhaifu, huku misuli ya ukuta wa mshipa ikiota kuelekea ndani na kupunguza njia ya damu, kama mchanga wa mafuriko ya Mto Kinyasungwe unavyojaza kalavati za reli. Ndiyo maana mwenye kisukari aliyezibuliwa mshipa wa moyo yuko katika hatari kubwa zaidi ya mshipa huo kuziba tena.

Miguu ndiyo huumia zaidi

Damu ikifika kidogo miguuni, jeraha hukosa hewa, chakula na askari wa kupambana na vijidudu. Neva nazo huharibika, mguu ukafa ganzi. Mwaka 2005, Dkt. Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Dar es Salaam waliandika kuhusu wagonjwa wa kisukari walioumwa miguu na panya usiku wasihisi kitu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulianza nchini Tanzania na India mradi wa Hatua kwa Hatua, uliofundisha madaktari na wauguzi kutunza miguu ya wagonjwa hawa. Funzo lake ni hili: kidonda kikiwahiwa, mguu mara nyingi huokolewa.

Fanya haya

1. Pima sukari. Ukiwa hujala kwa saa nane, kipimo cha milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, kikithibitishwa siku nyingine, ni kisukari. Kwa watu wazima wengi walio kwenye tiba, lengo kabla ya kula ni 4.4 hadi 7.2. Jeraha lenyewe hupandisha sukari, hivyo pima mara nyingi zaidi, wala usiache dawa.

2. Kagua miguu kila jioni, nyayo na katikati ya vidole. Kama huoni vizuri, mwombe mjukuu akuangalizie.

3. Vaa viatu vinavyofunika mguu, na uvikung'ute kabla ya kuvaa. Katambuga huacha vidole wazi kwa miiba. Usiote moto kwa miguu yenye ganzi. Osha miguu kabla ya kulala, na uchomeke chandarua vizuri ili panya wasikufikie.

4. Ukijeruhiwa, osha kwa maji safi na sabuni, funika kwa kitambaa safi, nenda zahanati siku hiyohiyo. Usipake majivu, kinyesi cha ng'ombe wala dawa ya meno. Damu ikiruka kwa msukumo, kandamiza jeraha kwa nguvu bila kuachia mpaka ufike kwa mhudumu wa afya.

5. Acha tumbaku, tibu shinikizo la damu. Vyote viwili huharibu utando uleule. Ugali wa mtama au uwele nao hupandisha sukari: punguza tonge, ongeza mlenda.

6. Ukizibuliwa mshipa, usijiamulie kuacha dawa za kuzuia damu kuganda. Muulize daktari kwanza.

Usisubiri

Nenda haraka Hospitali ya Wilaya ya Mpwapwa mguu ukiwa baridi au mweusi, kidonda kikinuka au kutoa usaha, uwekundu ukipanda, au ukipata homa. Shavu la mguu likiuma unapotembea na kutulia ukipumzika, mweleze daktari: huenda ateri imeanza kuziba. Akiona haja, atakupa rufaa kwenda Dodoma.

Jirani akisema kidonda cha mwenye kisukari hakiponi, usikubali. Mara nyingi hupona, sukari ikidhibitiwa na mgonjwa akiwahi. Kama nyumbani kwako yupo mwenye kisukari, anza kumkagua miguu leo.