Taifa Huokotwa au Hujengwa? Tusome "Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania"



Hapa Kawe jina la Tanganyika halijafa. Kiwanda cha nyama kilifungwa zamani, lakini viwanja vya Tanganyika Packers kila mtu anavijua. Nchi yenye jina hilo iliungana na Zanzibar tarehe 26 Aprili 1964. Mwaka 1993 wabunge walioitwa G55 walidai Serikali ya Tanganyika irudi. Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere, aliyekuwa amekwisha kung'atuka, aliwapinga kwa kitabu chake Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, kilichochapwa Harare. Chini ya ubishi huo lipo swali la kifalsafa: ni nini kinachowafanya watu kuwa taifa moja?

Wapo wanaojibu: historia ndefu. Jawaharlal Nehru, akiwa mfungwa katika ngome ya Ahmednagar mwaka 1944, aliandika The Discovery of India, akiitafuta India katika maelfu ya miaka ya ustaarabu wake. Nyerere hakuwa na njia hiyo. Mipaka ya Tanganyika ilichorwa na wakoloni, na ndani yake mna makabila zaidi ya 120. Tanzania haikuokotwa katika mambo ya kale. Ilitokana na uamuzi.

Lakini kilichojengwa kwa uamuzi huweza pia kubomolewa kwa uamuzi. Ndiyo maana miaka ile Nyerere alionya mara kwa mara juu ya ubaguzi. Anayekubali kanuni hukubali na matokeo yake: ukimkataa Mzanzibari kwa kuwa si "sisi", kesho kanuni hiyohiyo itamkataa mtu wa kabila jingine, keshokutwa wa dini nyingine.

Kuhusu muundo, alitetea serikali mbili. Serikali moja ingeonekana kuimeza Zanzibar. Tatu zingekuwa mzigo mzito, na aliona zingeuvunja Muungano.

Hata hivyo, tusiipokee hoja kwa sababu tu ni ya Mwalimu. Mwaka 1964 wananchi hawakupiga kura ya maoni. Nayo Tume ya Jaji Warioba, mwaka 2013, ilipendekeza serikali tatu. Je, kila anayetaka muundo mwingine ni mbaguzi? Hapana. Tutofautishe mambo mawili: muundo wa serikali, ambao hujadiliwa, na utu wa jirani, ambao haujadiliwi. Kanisa hutufundisha kuwa ndoa hufanywa na ridhaa. Taifa nalo lahitaji ridhaa, na aliyekatazwa kuuliza hawezi kuridhia kweli.

Basi tunalinda umoja kwa njia mbili pamoja: kumruhusu ndugu aulize, na kutomwita mgeni anapouliza.

Maswali kwa Jumuiya Ndogo Ndogo:

1. Katika mtaa wetu, ni nani bado anaitwa "wa kuja", ingawa amezaliwa hapa?

2. Tunapogombea uongozi wa jumuiya au parokia, je, tunauliza uwezo wa mtu au kwao?

3. Ni jambo gani la taifa tunaogopa kulizungumza, na hofu hiyo inatujenga au inatubomoa?